"Msaidizi" wa Mwanzo 2:18 Hana Cheo cha Chini



Mahindi yakishavunwa na kuuzwa, huku kwetu Madaba huanza msimu wa ndoa. Vigangoni watu hufunga ndoa Jumamosi kwa Jumamosi, na somo linalochaguliwa mara nyingi ni lile la Mwanzo 2:18-24. Ndilo somo lenyewe linalosomwa pia Dominika ya 27 ya Mwaka B. Hapo Mungu anasema kwamba si vema mtu huyo awe peke yake, kisha anaahidi kumfanyia "msaidizi". Neno hilo likishasomwa kanisani, halikai kanisani. Huenda nalo ukumbini, mshereheshaji akalitania. Huenda nalo nyumbani, mume akalitumia. Hufika hata kwenye jumuiya, mama aliyekuja na jicho lililovimba akaambiwa: "Vumilia mama, wewe ni msaidizi wake."

Sisi mafrateri tunaotoka huku tumelisikia fundisho hilo tangu tukiwa watumishi wa altare. Linakwenda hivi: Mungu alimwumba mwanamume akiwa bosi, kisha akamtafutia wa kumsaidia kazi. Kwa hiyo mke yuko chini ya mume kama msaidizi alivyo chini ya mkuu wake wa kazi. Sasa tunasoma falsafa, na jambo la kwanza linalofundishwa katika mantiki ni kuuliza kama hitimisho linatoka kweli katika dokezo. Tumeuliza. Maoni yetu ni kwamba hitimisho hilo halitoki katika neno la Kiebrania, wala halitoki katika Kiswahili chenyewe tukikisikiliza vizuri. Limetoka ofisini.

Neno lilivyotufikia

Kifungu hiki ni miongoni mwa sehemu za Maandiko zilizoandikwa mapema kabisa kwa Kiswahili. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa, na sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Zilifuata tafsiri za Zanzibar na Mombasa, kisha mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, ambayo maneno yake yameingia sana katika masikio ya Wakristo wa madhehebu yote. Humo ndimo tunamopata "msaidizi wa kufanana naye". Tafsiri za baadaye zimependelea "wa kumfaa". Nyuma ya maneno hayo yote kuna maneno mawili tu ya Kiebrania: ezer kenegdo.

Maneno hayo mawili si mepesi. La kwanza lina maana pana. La pili halipatikani mahali pengine popote katika Biblia ya Kiebrania kwa umbo hilo, isipokuwa katika aya ya 18 na ya 20 za sura hiyohiyo. Mtafsiri yeyote hapo ni lazima achague, na akichagua huacha kitu. Hatuwalaumu watafsiri. Kazi yetu sisi wasomaji ni kujua waliacha nini.

Ezer: msaada wa nani?

Neno ezer, likiwa nomino, linapatikana mara 21 katika Agano la Kale la Kiebrania. Mara mbili ni hapo katika Mwanzo 2, likimhusu mwanamke. Mara tatu linahusu msaada wa kibinadamu, na mara zote tatu msaada huo ni hafifu au haufai kitu: katika Isaya 30:5 ni Misri isiyoweza kuwaokoa wanaoitegemea, katika Ezekieli 12:14 ni watu wa mfalme wanaotawanywa, na katika Danieli 11:34 ni msaada mdogo tu wakati wa dhiki. Mara zote 16 zilizobaki linahusu msaada unaotoka kwa Mungu.

Fungua Zaburi ya 121, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo, ya mtu anayetazama milimani na kuuliza msaada wake utatoka wapi. Huo ni ezer. Fungua Zaburi ya 124 aya ya mwisho, ambayo padre huitumia mara nyingi anapoanza kutoa baraka. Huo nao ni ezer. Katika Kutoka 18:4 Musa alimwita mwanawe Eliezeri, yaani Mungu ni msaada wangu. Katika 1 Samweli 7:12 Samweli alisimamisha jiwe na kuliita Ebenezeri, jiwe la msaada. Leo ukipita barabara ya Songea kwenda Njombe hutakosa kukuta duka au gari lililoandikwa Ebeneza, na hakuna anayelisoma akafikiri kwamba Mungu ametajwa kama mtumishi wa mwenye duka.

Je, tuseme basi kwamba mwanamke yuko juu ya mwanamume, kwa kuwa neno lake ni neno la Mungu? Hapana, na hapa tunawaomba wenzetu wanaopenda kutumia Kiebrania wawe waangalifu. Kitenzi cha mzizi uleule kinakwenda pande zote mbili. Katika Yoshua 10:6 watu wa Gibeoni wanamwita Yoshua aje kuwasaidia: mwenye nguvu anamsaidia mnyonge. Katika 1 Wafalme 1:7 Yoabu na kuhani Abiathari wanamsaidia Adonia anayetaka ufalme: wafuasi wanamsaidia wanayemtaka awe bwana wao. Kwa hiyo kitendo cha kusaidia, peke yake, hakituambii nani yuko juu na nani yuko chini.

Hilo ndilo kosa la mantiki lililomo katika fundisho tulilolitaja. Aristotle alipopanga aina za mambo yanayosemwa juu ya vitu, aliweka uhusiano kuwa aina mojawapo, kando ya dhati ya kitu. "Msaidizi" ni neno la uhusiano. Linatuambia kwamba mmoja ana hitaji na mwingine ana kitu cha kulijibu hitaji hilo. Mama humsaidia mtoto kutembea. Mtoto humsaidia mama kuchota maji. Mganga wa zahanati humsaidia mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti humsaidia mganga. Ukisema "A anamsaidia B, kwa hiyo A yuko chini ya B", umeruka hatua ambayo haipo.

Tahadhari na mizizi

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja, R. David Freedman, aliandika kwamba katika neno ezer imeungana mizizi miwili ya zamani, mmoja wa kuokoa na mwingine wa nguvu, na kwamba katika Mwanzo 2 tusome "nguvu iliyo sawa naye". Wazo hilo limeenea sana, na siku hizi utalisikia hata kwenye semina za akina mama. Linapendeza, lakini wataalamu hawajakubaliana juu yake, na sisi tusingependa kujenga heshima ya mama zetu juu ya msingi unaobishaniwa.

Chukua mfano wa nyumbani. Kitenzi chetu "saidia" kimetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule unaozaa maneno ya furaha na bahati njema, na ndiyo maana kuna majina kama Saidi na Saada. Lakini hakuna anayesoma tangazo la kazi la "msaidizi wa ofisi" akafikiri kwamba anatafutwa mtu wa kuleta furaha. Maana ya neno inakaa katika matumizi yake. Kwa hiyo tusiulize mzizi wa ezer ulikuwa nini zamani za kale. Tuulize linafanya kazi gani katika sentensi hii, katika hadithi hii.

Kenegdo: aliye mbele ya uso wake

Hapo ndipo neno la pili linapotusaidia. Kenegdo limeundwa kwa vipande vitatu: ke, yaani "kama", neged, yaani "mbele ya" au "mkabala na", na o, yaani "yake". Ukiliweka pamoja unapata kitu kama "aliye kama mtu wa mbele yake", "aliye mkabala naye". Katika Kutoka 19:2 Waisraeli wanapiga kambi neged ya mlima wa Sinai: wanauelekea. Katika Nehemia 3, watu wanaojenga upya ukuta wa Yerusalemu wanajenga kila mmoja neged ya nyumba yake: panapotazamana na mlango wake.

Kufanana, basi, ni sehemu tu ya picha. Mtakatifu Yeronimo, aliyejifunza Kiebrania kwa jasho ili atafsiri kutoka katika lugha ya asili, alichagua neno la Kilatini lenye maana ya kufanana, na "wa kufanana naye" ya Kiswahili imesimama upande huohuo. Ni chaguo halali. Lakini vitu viwili vinaweza kufanana na bado kimoja kikawekwa nyuma ya kingine. Neged haliruhusu hilo. Aliye neged hayuko nyuma wala chini ya miguu. Yuko mahali ambapo macho yanakutana.

Neno hili lina ukali wake pia. Aliye mbele yako anaweza kukukumbatia, na anaweza kukuzuia njia. Walimu wa Kiyahudi waliliona hilo mapema. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa karne ya 11 huko Ufaransa, akifuata walimu wa Talmud, alieleza kwamba mwanamume akistahili, mwanamke atakuwa msaada kwake, na asipostahili atakuwa mkabala wake wa kupingana naye. Wengine hulisoma fumbo hilo kama onyo kwa mume. Sisi tunaona ndani yake sehemu ya msaada wenyewe. Mtu asiye na wa kumkabili hana wa kumwonya. Mke anayesimama mbele ya mume wake na kumwambia kwamba fedha ya tangawizi haitakwisha kilabuni wakati mtoto hana ada, huyo hajauacha wito wake wa Mwanzo 2. Ndio anautimiza.

Ng'ombe wa kulimia hawakutosha

Ukitaka kujua kama Mungu alikuwa anatafuta mfanyakazi, angalia kinachotokea kati ya aya ya 18 na aya ya 20. Mungu anawaleta wanyama wote mbele ya Adamu, naye anawapa majina. Ndipo Maandiko yanaposema kwamba hakupatikana ezer kenegdo miongoni mwao.

Sisi watu wa mashambani tunaielewa aya hiyo kuliko wengi. Ng'ombe anavuta jembe. Punda anabeba gunia. Mbwa analinda mahindi yasiliwe na ngedere. Kama hitaji la Adamu lingekuwa mikono ya ziada ya kuilima na kuitunza ile bustani aliyokabidhiwa katika aya ya 15, msaidizi angepatikana siku hiyohiyo, na hadithi ingeishia hapo. Lakini Mungu hakusema kwamba si vema mtu huyo kuwa na kazi nyingi. Alisema si vema awe peke yake. Tangu Biblia ianze, kila kitu kilikuwa chema. Hili ndilo jambo la kwanza kuitwa si jema, nalo ni upweke. Upweke hauondolewi na mtumishi. Unaondolewa na mwenzi anayeweza kukutazama usoni na kukujibu.

Hata lile neno "ubavu" linaelekea hukohuko. Neno la Kiebrania ni tsela, na mahali pengi katika Agano la Kale linamaanisha upande: upande wa Sanduku la Agano katika Kutoka 25, upande wa hema takatifu katika Kutoka 26, upande wa kilima katika 2 Samweli 16:13. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake, sehemu ya kwanza, swali la 92, alieleza vizuri kwa nini mwanamke alitoka mahali hapo. Hakutoka kichwani, asije akamtawala mwanamume. Hakutoka miguuni, asije akadharauliwa kama mtumwa.

Walimu wetu wakubwa na swali gumu

Tukimtaja Thoma ni lazima tuwe wakweli. Katika swali hilohilo anasema kwamba mwanamke alihitajika kuwa msaada katika kuzaa, kwa sababu katika kazi nyingine yoyote mwanamume angesaidiwa vizuri zaidi na mwanamume mwenzake. Mtakatifu Augustino alikwisha kusema jambo la namna hiyo katika maelezo yake ya kitabu cha Mwanzo. Je, frateri wa falsafa ni nani hata asimame mbele ya majabali hao?

Tunajibu kwa heshima. Kwanza, wote wawili walisoma kifungu hiki kwa Kilatini. Augustino alitumia tafsiri iliyotoka katika Kigiriki. Pili, wote wawili walianza na swali la kazi: msaada wa kufanya nini? Wakitafuta kazi ambayo mwanamume hawezi kuifanya na mwenzake, waliona moja tu. Lakini kifungu chenyewe kinaanza na upweke. Tatu, Kanisa lenyewe ndilo linalotuagiza kurudi kwenye lugha za asili. Papa Pius XII alilisisitiza hilo katika waraka wa Divino Afflante Spiritu, tarehe 30 Septemba 1943, sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum ya mwaka 1965, namba 12, unatutaka tutafute kwa bidii kile ambacho waandishi watakatifu walikusudia kusema, na katika namba 22 unataka tafsiri zifanywe hasa kutoka katika maandishi ya asili.

Na Kanisa limekwisha kusema lenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1605, inafundisha kwamba mwanamke ni sawa na mwanamume na wa karibu naye kuliko wote, na kwamba akitolewa kwake kama msaada anamwakilisha Mungu ambaye kwake unatoka msaada wetu. Yaani Katekisimu inakisoma kifungu cha Mwanzo pamoja na Zaburi ya 121, hasa kama tulivyofanya hapo juu. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya kitume Mulieris Dignitatem ya tarehe 15 Agosti 1988, alieleza kwamba kutawaliwa kwa mwanamke kunakotajwa katika Mwanzo 3:16 ni tunda la dhambi linaloharibu usawa wa mwanzo. Kwa hiyo anayetaka kumtawala mke wake asitafute kibali katika sura ya 2. Maneno hayo yako katika sura ya 3, pamoja na miiba na michongoma, na hakuna mkulima wa Madaba anayeacha kupalilia kwa sababu miiba ilitajwa katika Maandiko.

"Lakini Paulo alisema wake wawatii waume zao," tutaambiwa. Alisema, katika Waefeso 5:22. Aya moja kabla yake, ya 21, inawataka wote watiiane katika kumcha Kristo, na Yohane Paulo wa Pili, katika namba 24 ya barua hiyohiyo, anatufundisha kuisoma ya 22 kwa mwanga wa ya 21. Tena mume anayedai sehemu yake asisahau kwamba kipimo alichopewa katika aya ya 25 ni msalaba.

Kiswahili chetu nacho kinajua

Tumesema fundisho hili limetoka ofisini. Tueleze. Katika Kiswahili cha leo "msaidizi" limeshikwa sana na vyeo: mkurugenzi msaidizi, mwalimu mkuu msaidizi, paroko msaidizi. Binti wa kazi naye, tukitaka kumpa heshima, tunamwita msaidizi wa kazi za nyumbani. Masikio yetu yakishazoea hivyo, yakisikia "msaidizi" kanisani yanaona mara moja ngazi, na mtu mwingine aliyekaa ngazi ya juu. Kiebrania hakikuweka ngazi hiyo. Tumeiweka sisi.

Hata hivyo hatuhitaji kwenda hadi Yerusalemu kupata dawa. Katika Injili ya Yohane sura ya 14, Yesu anawaahidi wanafunzi kwamba Baba atawapelekea mwingine wa kukaa nao milele. Biblia ya Muungano inamwitaje Roho Mtakatifu hapo? Inamwita Msaidizi. Kila mwaka, siku za kuelekea Pentekoste, tunalisoma neno hilo, na hakuna katekista aliyewahi kusimama akasema kwamba kwa kuwa Roho Mtakatifu ni Msaidizi wetu, basi yuko chini yetu na apokee amri zetu. Kwa nini basi neno lilelile likimshukia Roho Mtakatifu linapanda, na likimshukia mama linashuka? Lugha ni ileile. Kilichobadilika ni sisi wasikilizaji.

Kwa hiyo hatudai neno lifutwe katika Biblia zetu. "Msaidizi" ni tafsiri sahihi, na ni neno zuri. Tunachodai ni kwamba lisomwe pamoja na Zaburi na pamoja na Injili, na lisisomwe kamwe bila lile la pili, kenegdo. Watafsiri wakiona vema, maelezo mafupi chini ya ukurasa yangetosha: "yaani, msaada aliye mkabala naye".

Mpaka shambani na mahakamani

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wasomi. Basi twende shambani. Mke amelima, amepanda, amepalilia, amevuna, amepukuchua. Siku ya kuuza mahindi, fedha inaingia mfukoni mwa mume, na mke akiuliza anaambiwa yeye alikuwa anasaidia. Hapo tafsiri ya neno moja imekuwa suala la ada ya shule, bati la nyumba na dawa ya mtoto.

Sheria za nchi yetu zimepita hapa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya ndoa, iangalie mchango wa kila mmoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliulizwa kama kazi za nyumbani za mke ni mchango wa kweli. Ilijibu kwamba ndiyo, ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokuwa anadai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Itakuwa aibu kwetu Wakristo kama mke atapata mahakamani heshima ambayo angepaswa kuipata kwanza katika mahubiri ya siku ya ndoa yake.

Na heshima hiyo haimwachi mwanamume akiwa amepungukiwa. Anayejiona bosi wa msaidizi wake anabaki peke yake, na upweke ndio ule ambao Mungu alisema si mwema. Wanaume wengi wa huku kwetu wana wake na bado wako wapweke, kwa sababu hawajamruhusu mtu yeyote asimame mbele ya uso wao. Somo la Mwanzo 2 ni habari njema kwao pia.

Tunachoomba

Kwa mafrateri wenzetu: tujifunze lugha za Maandiko kwa uvumilivu, hata kama ni herufi tu kwanza. Tusiokote neno la Kiebrania ili kunogesha homilia. Tuangalie limetumika wapi na limefanya kazi gani. Siku moja tutasimama mbele ya maharusi, na tutakachosema kitarudi nyumbani pamoja nao.

Kwa makatekista wanaotoa mafundisho ya ndoa: someni Mwanzo 2:18-24 pamoja na Zaburi ya 121, kisha mwulizeni bwana harusi mtarajiwa, mchumba akiwepo: "Utamruhusu huyu akuonye?" Jibu lake litawaonyesha mengi.

Kwa wanaume wa UWAKA na akina mama wa WAWATA: kifungu hiki kisomwe jumuiyani mkiwa pamoja, si kila kundi peke yake. Na ikitokea mama akafika akiwa amepigwa, asiambiwe "vumilia, wewe ni msaidizi". Aketishwe, asikilizwe, apelekwe zahanati, na mume wake aitwe na wazee wa jumuiya aje aelezwe ni nani aliyempiga. Amempiga yule ambaye Mungu alimweka mkabala naye, na ambaye Maandiko yanamwita kwa neno lile tunalotumia kumwita Mungu tukiwa katika shida.